Tupange Mapema Gharama za Kuwatunza Wazee

 

Leo tutazungumza juu ya kuwatunza wazee. Mimi bado ni kijana. Wazee mtanisamehe nikisema mambo yenu mbele yenu. Nasema kwa sababu ya jambo nililoliona katika zahanati.

Siku moja mwezi wa Februari, kijana mmoja alimleta mama yake kwa baiskeli. Mdomo wa mama ulikuwa umekwenda upande. Mkono wa kulia haukuinuka. Alikuwa amepatwa na kiharusi. Mama huyo alikuwa na ugonjwa wa presha, naye alikuwa akimeza vidonge kila siku. Vidonge viliisha mwezi wa Januari. Nyumbani hapakuwa na fedha, maana mahindi yalikuwa bado shambani. Mama ana watoto wanne. Nilipowauliza, kila mmoja alisema, "Nilidhani mwenzangu amenunua."

Mama hakufa, lakini mkono ule haufanyi kazi mpaka leo. Safari ya hospitali iliwagharimu watoto mbuzi watatu. Vidonge vya mwezi mmoja havikufika bei ya jogoo mmoja.

Watoto wale wanampenda mama yao. Walichokosa ni mpango.

Tufanye hesabu

Chukua daftari. Kaeni pamoja, ninyi na mzee mwenyewe. Mwulizeni anahitaji nini. Andikeni mahitaji yake ya mwezi mmoja. Huu ni mfano tu. Ninyi andikeni bei za kijijini kwenu.

Dawa: shilingi 5,000
Nauli ya kwenda kliniki: shilingi 4,000
Sabuni na mafuta ya kupaka: shilingi 3,000
Maharage, mayai na matunda: shilingi 8,000
Jumla: shilingi 20,000

Kwa miezi 12 ni shilingi 240,000. Fedha hizo ni nyingi kwa mtu mmoja. Sasa tugawe. Kama watoto ni wanne, kila mmoja atatoa shilingi 60,000 kwa mwaka.

Lakini ngoja kidogo. Nani anamwogesha mzee? Nani anampikia uji na kufua nguo zake? Mara nyingi ni binti au mkwe aliyebaki nyumbani. Kazi yake nayo ni mchango, kwani siku anayomwuguza mzee halimi shamba lake. Basi asidaiwe fedha. Wale watatu wengine watoe shilingi 80,000 kila mmoja.

Tuweke lini?

Mkulima hupata fedha wakati wa mavuno. Basi toeni fungu la mzee wakati huo, kabla ya sherehe na kabla ya nguo mpya. Mnaweza kutenga magunia ya mahindi yasiyoguswa. Mnaweza kufuga mbuzi wa mzee. Mnaweza kuweka fedha katika kikundi cha kuweka na kukopa. Aliye mjini atume fungu lake kwa simu kila mwezi. Kila senti iandikwe katika daftari, na watu wawili waijue hesabu. Akiba haiozi.

Wekeni pia akiba ndogo ya dharura, ya kukodi gari au pikipiki usiku.

Ulizeni haki za mzee

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema mzee ni mtu wa miaka 60 au zaidi. Upo utaratibu wa kuwatibu bila malipo wazee wasio na uwezo. Mwoneni mtendaji wa kijiji, aeleze namna ya kuandikishwa. Ulizeni pia habari za bima ya afya. Lakini kumbukeni, msamaha wa matibabu haulipi nauli wala haununui sabuni.

Kinga hupunguza gharama

Mzee apimwe presha mara kwa mara. Asiache vidonge kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anavimeza. Chumvi yake ya siku nzima isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai. Njia ya chooni isiwe na mashimo, na usiku awe na taa, asije akaanguka na kuvunjika. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, asipate vidonda. Mzee asiyeona vizuri apelekwe kupimwa. Huenda ni mtoto wa jicho, na huo hutibiwa kwa kupasuliwa.

Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walisoma katika vikundi, wakasikiliza redio, wakachimba vyoo. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita miaka 70. Alichimba choo ili sisi tusife kwa kuhara. Leo mikono yake imechoka. Ni zamu yetu.

Maswali ya kujadili

1. Mzee wa nyumbani kwenu anatumia dawa gani? Zitaisha lini?
2. Nani anamtunza kila siku? Ninyi wengine mnamsaidiaje?
3. Mavuno yajayo mtatenga nini kwa ajili ya mzee?

Msijibu kwa mdomo tu. Andikeni katika daftari.