Kisu Kipite Wapi?

Kabla ya kushika kisu, daktari wa upasuaji anayezijua sarkoma, saratani za misuli, mafuta na tishu nyingine laini, huchora mstari wa kalamu kwenye paja la mgonjwa. Mstari hufuata urefu wa mguu, toka nyonga kuelekea goti. Uvimbe utakuja kutolewa kwa njia hiyo, basi kinyama cha kupima nacho kitapitia hapohapo.

Misuli ya paja, mishipa yake ya damu na ya fahamu hushuka wima. Kovu la wima la kutolea kinyama huondolewa pamoja na uvimbe, kipande kimoja. Kovu likikatiza paja, damu inayovuja chini ya ngozi huweza kusambaza chembe za saratani kwenye misuli iliyokuwa salama, na daktari wa pili hulazimika kulifuata kushoto na kulia hadi ngozi ya kufunikia inapungua. Sentimita chache tu za upande usio wake, na mguu unaweza kwenda.

Tatizo ni kwamba mwenye kukata wa kwanza mara nyingi hajui anakata nini. Mchimbaji wa Geita anayebeba viroba vya mawe ya duarani, shimo la machimbo, hashtuki akiota nundu, tena isiyouma. Ataambiwa ni jipu. Atachanjwa chale, au litatumbuliwa zahanati. Bingwa ana maswali yake: Linakua? Limepita sentimita 5? Limezama misulini? Ndiyo moja tu, asiguswe. Apande gari la Mwanza.

Huko Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, ndiko hata wa Shinyanga huelekezwa. Mpasuaji, msoma picha, mpima kinyama, wa mionzi na wa dawa wanapaswa kukubaliana kabla ya kisu, maana sarkoma ya Kaposi, kwa mfano, hutibiwa zaidi kwa dawa.

Na kuuacha mguu si kubahatisha. Mwaka 1982 Steven Rosenberg na wenzake wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 43: 16 walikatwa kiungo, 27 wakatolewa uvimbe na kupigwa mionzi. Kwa wanne kati ya hao 27 ulirudi palepale, lakini kwa kuishi makundi hayo mawili hayakupitana.

Kwenye njia ya Geita kwenda Mwanza, daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Foleni ya kivuko imekwisha. Lakini mionzi huweza kula wiki 5. Mchimbaji atalala wapi Mwanza, na nani atamshikia nafasi yake duarani? Na yule aliyelitumbua “jipu”, nani atampelekea majibu?