Imani na Uponyaji katika Nyanda za Buha

Mchungaji apelekwaye Munanila, kwenye vilima vinavyopakana na Burundi, hatakuta nchi isiyo na dini. Waha humwita Mungu Mwumbaji Imana, kama wafanyavyo Warundi na Wanyarwanda. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Kasulu hadi Wilaya ya Buhigwe ilipoundwa mwaka 2012, nalo limehubiriwa na Wakatoliki, Waanglikana, Waadventista na Wapentekoste. Dayosisi ya Kianglikana ya Western Tanganyika, yenye makao yake Kasulu, ilianza mwaka 1966. Ukishuka hadi ziwani, Ujiji ni mji wa Kiislamu tangu zama za misafara, na tarika ya Kadiriya imekuwa na mizizi mirefu humo. Wamisionari wa London walifika huko mwaka 1878, na Mapadre Weupe wakawafuata mwaka 1879. Wageni wengi, hata hivyo, huja kutazama mwembe na mnara wa ukumbusho wa Livingstone na Stanley waliokutana mwaka 1871. Ndipo tunapoona kwamba hata watu wa Ulaya wana hija zao.

Katika makala hii twataka kuzungumzia uponyaji, maana ndipo mahali ambapo waumini wetu huvuka mipaka ya dini bila kuaga.

Jambo la kwanza ni kutofautisha. Wanafunzi wetu hupenda kuweka kila kitu chini ya neno moja, "uganga", kisha wakalikataa. Lakini abateko, wazee wa koo za kale, walikuwa makuhani wa ardhi. Wakati Abami wa Kitutsi wakitawala watu na ng'ombe, abateko ndio waliosimamia uhusiano wa watu na nchi na roho zake. Kubandwa ni jambo lingine tena. Hiyo ni ibada ya kuingiwa na roho, ambayo Burundi hujulikana kwa jina la Kiranga na Rwanda kwa jina la Ryangombe. Aingiaye huzaliwa upya katika udugu wa siri, na kwa maoni yetu kule kufanana na ubatizo ndiko kulikofanya wamisionari waipige vita kuliko mila nyingine. Mjuzi wa mizizi na majani, naye, hahitaji roho yoyote ili atibu kuhara. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua, wala Maandiko hayamhukumu: Isaya aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu la Hezekia (Isa. 38:21).

Aliye hatari ni mpiga ramli, yule anayemwambia mgonjwa jina la mtu. Hapo ugonjwa hugeuka mashtaka. Tumewaona vikongwe wakiuawa katika mikoa ya kanda ya ziwa, na watu wenye ualbino wakiwindwa kwa ajili ya viungo vyao. Baada ya mauaji ya miaka ya 2007 na 2008, watoto wenye ualbino walikusanywa katika shule ya Kabanga, wilayani Kasulu, wapate usalama. Wengine wakakaa huko miaka mingi, mbali na wazazi wao. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Torati ilikuwa imekwisha kufanya hivyo (Kum. 18), na Bwana alipoulizwa ni nani aliyetenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, alikataa kutaja jina (Yn. 9).

Tusiwanyoshee kidole Waha peke yao. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, Ambilikile Mwasapile, aligawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 huko Samunge, Loliondo, na magari yakapanga foleni ya kilometa nyingi. Wapo waliofia njiani, na wapo walioacha dawa za hospitali. Baadhi ya viongozi wetu walimtetea hadharani. Yeye hakumshtaki jirani wa mtu yeyote, na hilo tunampa; lakini ahadi ya kikombe kimoja kwa maradhi yote ilihitaji kupimwa mapema kuliko ilivyopimwa.

Kwa hiyo muumini akija usiku kukiri kwamba alikwenda kwa mganga, tunashauri mchungaji asianze na adhabu ya kutengwa. Amuulize kwanza: ulipewa dawa, au ulipewa jina? Akisema dawa, amsindikize hospitali ikapimwe pamoja na ugonjwa wake, amwombee na kumpaka mafuta kama Yakobo alivyoagiza. Akisema jina, basi usiku uleule mchungaji anayo nyumba ya pili ya kwenda.