Nahodha Aliyekabidhiwa Kikosi Kisichokuwepo

Kalusha Bwalya alizaliwa tarehe 16 Agosti 1963 katika mji wa Mufulira, kwenye ukanda wa shaba wa Zambia, jirani kabisa na mpaka wa Kongo. Migodi ndiyo iliyolisha miji ya huko, na ndiyo iliyolisha soka lake pia. Alianzia Mufulira Blackpool, akahamia Mufulira Wanderers, na mwaka 1985 akavuka kwenda Cercle Brugge ya Ubelgiji. Mguu wake ulikuwa wa kushoto, na mipira ya adhabu ikawa yake popote alipochezea.

Jina lake lilivuka mipaka ya Afrika mwaka 1988, kwenye michezo ya Olimpiki ya Seoul. Zambia iliikuta Italia, timu ya wachezaji wa kulipwa waliozoea ligi kubwa, ikaifunga 4-0, na Kalusha peke yake akatia mabao matatu. Ujerumani Magharibi ikalipa kisasi kwa niaba ya Ulaya katika robo fainali kwa idadi ileile ya mabao, lakini mwaka huo Kalusha alichaguliwa Mwanasoka Bora wa Afrika na jarida la France Football. Kutoka Cercle alikwenda PSV Eindhoven ya Uholanzi, akacheza pamoja na Romário chini ya kocha Bobby Robson, akatwaa ubingwa wa ligi mwaka 1991 na 1992.

Mafanikio hayo yangetosha kumpa mchezaji nafasi katika historia. Hata hivyo, unahodha wake haupimwi kwa hayo. Unapimwa kwa takriban mwaka mmoja, kati ya Aprili 1993 na Aprili 1994.

Usiku wa tarehe 27 Aprili 1993, ndege ya jeshi la anga la Zambia aina ya Buffalo iliruka kutoka Libreville, Gabon, baada ya kujaza mafuta, ikaanguka baharini muda mfupi tu baadaye. Ilikuwa imebeba timu ya taifa kwenda Dakar kucheza na Senegal, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Siku mbili kabla, timu hiyo ilikuwa imeifunga Mauritius. Watu wote 30 waliokuwemo walikufa, wachezaji 18 miongoni mwao. Alikufa kocha Godfrey Chitalu, mfungaji ambaye Wazambia hawajapata mfano wake. Alikufa kipa Efford Chabala, na Derby Makinka na Wisdom Chansa, watu waliokuwa na Kalusha Seoul.

Kalusha hakuwemo kwa sababu moja tu: alichezea Ulaya, na alipangiwa kufika Dakar kwa njia yake. Kwa maelezo yake, ambayo amewasimulia waandishi mara nyingi tangu wakati huo, asubuhi iliyofuata alikuwa anajiandaa kutoka kwenda kukimbia simu ilipolia. Mweka hazina wa chama cha soka alimwambia aahirishe safari, kumetokea ajali. Mengine aliyapata kwenye televisheni. Mtu huyo, ambaye karibu wenzake wote walikuwa wamekwisha, ndiye aliyeombwa kuongoza timu mpya, na mechi zile za kufuzu zilikuwa bado zinaisubiri Zambia.

Marehemu walizikwa Lusaka, kando ya Uwanja wa Uhuru. Kikosi kipya kiliokotwa hasa kutoka ligi ya nyumbani. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuvaa jezi ya taifa. Denmark ilijitolea kuwapokea, na kocha Roald Poulsen akawanoa huko. Kalusha na Johnson Bwalya, aliyecheza soka la klabu nchini Uswisi na ambaye naye hakuwemo kwenye ndege ile, wakawa wakongwe wa kundi la vijana waliopewa viatu vya marehemu.

Tarehe 4 Julai, wiki 10 hivi baada ya ajali, Morocco ilikuja Lusaka. Ili kuingia uwanjani, timu ililazimika kupita jirani na makaburi mapya. Wageni walitangulia kufunga. Zambia ikapata mpira wa adhabu, na kila mtu uwanjani alijua nani angeupiga. Kalusha aliuweka wavuni kwa mguu wake wa kushoto, na Johnson Bwalya akaongeza la pili kwa shuti la mbali. Zambia 2, Morocco 1. Ni vigumu kutaja bao lake jingine lililobeba uzito kama lile. Hata yale ya Seoul yalifungwa na mtu ambaye bado alikuwa na wenzake.

Senegal ilitoka sare Dakar, ikafungwa 4-0 Lusaka. Oktoba, Casablanca, dhidi ya Morocco tena, Zambia ilihitaji sare tu iende Kombe la Dunia Marekani. Ilifungwa 1-0. Miezi sita baadaye, chini ya kocha Ian Porterfield, vijana wale walifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Tunis. Elijah Litana aliipa Zambia bao la kwanza mapema, Emmanuel Amunike wa Nigeria akajibu kwa mawili.

Katika kombe hilohilo mwaka 1996 nchini Afrika Kusini Zambia ilishika nafasi ya tatu, naye Kalusha akawa mfungaji bora kwa mabao 5. Soka la klabu alilimalizia zaidi Meksiko, alikokwenda mwaka 1994 kuchezea Club América. Alirudi kuifundisha timu ya taifa, na mwaka 2004, akiwa kocha mwenye zaidi ya miaka 40, alijiingiza mwenyewe dhidi ya Liberia na kufunga bao pekee la mechi, kwa mpira wa adhabu tena.

Aliongoza Chama cha Soka cha Zambia kuanzia 2008 hadi 2016. Katika kipindi hicho, Februari 2012, Zambia ilitwaa Kombe la Afrika kwa penalti 8-7 dhidi ya Ivory Coast, mjini Libreville kwenyewe. Kabla ya fainali wachezaji walikwenda ufukweni kuweka maua. Mwaka 2018 FIFA ilimfungia miaka miwili kwa kukiuka kanuni za maadili, kuhusu fedha kutoka kwa Mohamed bin Hammam, ofisa wa zamani wa FIFA kutoka Qatar. Adhabu ikapunguzwa kwa rufaa mwaka uliofuata.

Ripoti ya Gabon iliyotoka mwaka 2003 ilisema injini moja ilishika moto, rubani aliyechoka akazima ile iliyokuwa nzima. Kwa nini timu ya taifa ilivushwa Afrika kwa ndege ya aina hiyo, na nani aliiruhusu iruke, familia za marehemu bado zinauliza.