Yatima Katika Nyumba ya Jamaa Tajiri: Tumsomeje?

Kijana anapofiwa na wazazi na kupelekwa kuishi kwa jamaa wenye mali, msomaji hukisia mara moja yatakayofuata. Atadharauliwa, atatumikishwa, atapendwa na kijana wa nyumba hiyo, siri fulani itafichuka, na mwishowe atatuzwa. Msuko huu ni mkongwe. Charlotte Brontë aliutumia katika Jane Eyre mwaka wa 1847, ambapo msichana yatima anateseka katika nyumba ya mke wa mjomba wake. Ngano zetu za mtoto na mama wa kambo ni ndugu wa karibu wa hadithi hiyo.

Hata hivyo, walioueneza zaidi katika zama zetu ni Wamexico. Inés Rodena, mwandishi mzaliwa wa Cuba, alitunga michezo ya redio ambayo baadaye iligeuzwa kuwa tamthilia za runinga nchini Mexico. Miongoni mwazo ni Los ricos también lloran ya mwaka wa 1979, yaani matajiri nao hulia. Mwaka wa 1995 kisa hicho kilisukwa upya kwa jina María la del Barrio. Humo msichana aliyekulia jalalani anafiwa na mlezi wake, naye padri anampeleka katika nyumba ya tajiri, don Fernando de la Vega. Mke wa tajiri hamtaki, na Soraya, jamaa wa mke huyo, anamchukia kupindukia. Tamthilia za aina hii ziliingia katika runinga zetu miaka ya 1990 na 2000 zikiwa zimetiwa sauti za Kiingereza. Kati ya 2019 na 2021, runinga ya Citizen ilionyesha Maria, tamthilia ya Kiswahili iliyotayarishwa na Lulu Hassan na Rashid Abdalla. Yasmin Said aliigiza binti wa mtaa wa mabanda anayeingia katika nyumba ya kina Hausa na kupendwa na Luwi, aliyekuwa tayari na mchumba.

Kwa nini mwalimu wa fasihi ajishughulishe na haya? Kwa sababu mtahiniwa wako ameijua hadithi ya yatima kwenye runinga kabla ya kuifungua riwaya, na huja na usomaji wa runinga hadi ndani ya karatasi ya tatu. Akiulizwa sifa za yatima, huandika: ni mvumilivu, ni mnyenyekevu, ana bidii. Akiulizwa maudhui, huandika: mvumilivu hula mbivu. Kisha kalamu inakauka. Majibu haya si makosa, ila yanamtazama yatima peke yake ilhali mwandishi amemweka pale ili tuione nyumba. Mtoto aliyezaliwa humo hawezi kutuonyesha jinsi inavyoendeshwa, kwa kuwa ameizoea. Mgeni naye hupokewa sebuleni na kuondoka. Yatima ndiye anayeingilia mlango wa mbele siku ya kwanza, na kufikia wiki ya pili ameelekezwa mlango wa jikoni. Mtahiniwa anayefuatilia safari hiyo, kutoka mlango mmoja hadi mwingine, tayari anafanya uhakiki.

Wanafunzi wa Nairobi wana faida hapa ambayo mara nyingi tunaiacha nje ya darasa. Kawangware imepakana na Lavington. Ukishuka kwenye matatu ya namba 46 na kutembea kuelekea Barabara ya James Gichuru, utaacha vibanda vya mabati na kukuta kuta ndefu zenye seng'enge za umeme, na safari yenyewe haikutoi jasho. Kibera nayo imepakana na kiwanja cha gofu, na ng'ambo ya Barabara ya Ngong kuna nyumba za watu wenye nafasi. Kila asubuhi kina mama na wasichana huvuka mipaka hiyo kwenda kufua, kupika na kulea. Mwanafunzi ambaye mamake ni mama nguo huko Lavington anajua nyumba ya tajiri kwa upande ambao kamera ya tamthilia haikai sana, upande wa karai, mwiko na mlango wa nyuma. Anajua ni vyombo gani vya mtumishi na ni vipi vya wenye nyumba. Ujuzi huo ni nyenzo ya uhakiki sawa na istilahi yoyote tunayomkaririsha.

Mwaka mmoja, katika kidato cha tatu, mvulana alitetea jamaa matajiri wa kubuni tuliokuwa tukiwajadili. Alisema: lakini wanampa chakula, wanamlipia karo, awadai nini zaidi? Msichana mmoja aliyekuwa akitoka Kawangware alimjibu kwa swali: anakula saa ngapi? Darasa lilinyamaza. Swali lile lilikuwa na thamani kuliko mihadhara yangu ya wiki nzima. Anayekula baada ya wote, akiwa amesimama, akila kilichosalia, amepewa chakula, ndiyo. Amepewa pia cheo chake katika nyumba ile.

Basi, mtahiniwa, usomapo kisa cha namna hii, tafuta ushahidi mdogomdogo: analala wapi, anakula na nani, anaamka kabla ya nani. Waandishi hodari hawasemi kwamba jamaa ni katili. Wanamlaza mtoto stoo, palipo na gunia la viazi na baiskeli mbovu, kisha wanaendelea na masimulizi kana kwamba hakuna lililotokea. Angalia pia anavyoitwa. Siku ya kwanza ni binamu au mtoto wa marehemu dada. Wageni wajapo, shangazi husema, "Huyu ni msichana tunayemsaidia." Siku ya hasira huitwa mboch, neno la Sheng linalomdunisha mtumishi wa nyumbani. Nasaba imefutwa kwa hatua tatu, na hakuna aliyegombana na mtu.

Neno "tunamsaidia" linastahili kutazamwa zaidi. Yule anayeamka saa kumi alfajiri, akachota maji, akawaandaa watoto wa wenyewe, akapiga deki, ndiye anayesemekana kusaidiwa. Kazi yake haina mshahara kwa kuwa yeye ni jamaa, na hana haki za jamaa kwa kuwa anasaidiwa. Hicho ni kinaya cha hali ya juu, na mtahiniwa akikitaja kwa maneno hayo atakuwa amekwenda mbali kuliko yule aliyeandika tu kwamba "mbinu ya kinaya imetumika". Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo inamhusu mgeni, nayo ina heshima ndani yake, maana anayepewa jembe anaingizwa katika jamii ya wanaolima. Katika nyumba ya jamaa tajiri, jembe analo mmoja tu.

Hapa sarufi yetu ina msaada mkubwa, na ndipo mtazamo mseto wa kufunza lugha na fasihi unapolipa. Chukua aya yoyote inayosimulia mwanzo wa maisha ya yatima, uorodheshe vitenzi. Utapata: alifiwa, aliachwa, alichukuliwa, alipelekwa, alionyeshwa chumba, aliambiwa anyamaze. Vyote vina kiambishi cha kutendwa. Kitenzi "kufiwa" chenyewe ni cha ajabu: aliyekufa ni mwingine, lakini Kiswahili kina umbo la kumfanya aliyebaki kuwa mtendwa wa kifo hicho. Mtoto huyu anaingia katika sentensi kama kitu kinachohamishwa. Mwambie mwanafunzi asake mahali ambapo kauli hiyo inakatika, pale yatima anapopata kitenzi chake mwenyewe: aliuliza, alikataa, aliondoka. Mara nyingi kilele cha msuko hakiko mbali na hapo. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996, Kongowea Mswahili anafiwa na mamake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu. Nguvu ya riwaya ile inatokana na kwamba mvulana hakai akingoja kufichuliwa siri. Anashika njia kutoka Tanga kuja Kenya kumtafuta babake.

Tukirejea Mexico, kuna tofauti moja ambayo wahakiki wetu hawajaizungumzia vya kutosha. María anaingia nyumba ya watu baki. Ubaya wa Soraya ni ubaya wa tabaka: kwake, mtu wa jalalani hastahili kukanyaga zulia lile. Katika jamii zetu, mtoto wa marehemu kuchukuliwa na ndugu si hisani, ni wajibu. Shangazi asiyemchukua husemwa matangani, na anayemchukua husifiwa papo hapo, mbele ya jeneza. Kwa hivyo ukatili wa jamaa unabeba uzito ambao ule wa Soraya hauna, kwa sababu ni ahadi iliyotolewa mbele ya watu na kuvunjwa faraghani. Mtahiniwa anayejadili maudhui ya "ukoo" au "mabadiliko ya jamii" aianzie hapo. Mji ulipanda bei ya chumba na karo, ukaacha wajibu pale ulipokuwa, na jamaa wakajikuta wakiutimiza kwa jina tu. Simaanishi kuwatetea. Ninachosema ni kwamba mhusika katili aliyepewa sababu za ukatili wake huwa mhusika duara, na asiyepewa hubaki bapa. Soraya, kwa maoni yangu, ni bapa, japo anafurahisha kutazamwa.

Tofauti ya pili ni kuhusu mali. Tamthilia za runinga kwa kawaida haziulizi utajiri wa nyumba umetoka wapi. Upo tu, kama jua, na tuzo la yatima ni kuolewa ndani yake. Kidagaa Kimemwozea (2012), ya Walibora pia, inauliza swali hilo moja kwa moja. Amani anachunga ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora, na Imani, ambaye ni yatima, anatumika katika nyumba ya Mwalimu Majisifu, nduguye Mtemi. Kijuujuu ni kisa kilekile cha vijana maskini katika nyumba za wakubwa. Lakini Amani ni mjukuu wa Chichiri Hamadi, ambaye mashamba yake Mtemi aliyatwaa kwa hati bandia, na mswada ambao Majisifu anajivunia kuuandika uliibwa kutoka kwa Amani. Mtumishi ndiye mwenye mali. Siri inapofichuka, hatuambiwi kwamba maskini alikuwa tajiri kwa damu. Tunaambiwa kwamba tajiri alikuwa mwizi. Pana umbali mkubwa kati ya fichuo hizo mbili, na huko ndiko alama za mtahiniwa bora zilikojificha.

Mwanafunzi wa Kibera hahitaji kufafanuliwa sana kuhusu hati. Eneo lile walipewa askari Wanubi wa jeshi la kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, wakaishi humo vizazi kadhaa bila hati ya kumiliki ardhi. Ilikuwa mwaka wa 2017 ambapo jamii hiyo ilipewa hati ya ekari 288, sehemu ndogo tu ya ardhi iliyokuwa ikiitwa yao. Anayekulia Makina au Laini Saba ameyasikia mazungumzo ya hati tangu utotoni. Mwulize anamwonaje Nasaba Bora, kisha umsikilize.

Kuna hatari ya kugeuza haya yote kuwa fomula nyingine: tajiri ni katili, maskini ni mwema. Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei inatuzuia. Umu anakulia katika nyumba yenye nafasi, anampoteza babake, Lunga, baada ya mama kuondoka, na anayewaiba ndugu zake wadogo ni Sauna, mtumishi wa nyumbani. Wanaomwokoa Umu hatimaye ni Mwangeka na Apondi, watu wenye uwezo wasiokuwa na undugu naye. Sauna naye ana historia ya kudhulumiwa utotoni na baba wa kambo. Mwandishi ameupindua msuko mzima: mtumishi ndiye mkatili, matajiri ndio wema, na watu baki wanatimiza wajibu wa jamaa. Mwanafunzi aliyezoea kanuni ya runinga hupata taabu hapa, na taabu hiyo ina faida kwake.

Neno kwako, mwalimu mwenzangu. Katika darasa la wanafunzi arobaini jijini Nairobi, yumkini wapo wanaoishi hadithi hii. Wengine huondoka shuleni wakikimbia kwa sababu kuna watoto wa kuchukuliwa na unga wa kupikwa. Usiulize nani hapa ni yatima. Usimwombe yeyote "atupe mfano kutoka maishani". Nimeona somo la aina hiyo likimfanya mtoto akose kuja shule siku mbili. Mhusika wa kubuni ana manufaa haya: mtoto anaweza kumtetea Imani kwa ukali wote alio nao, na hakuna atakayejua anamzungumzia nani. Mwache azungumze juu ya Imani. Ukiona insha yake ina ujuzi usio wa kawaida kuhusu saa za kuamka na mahali pa kulala, mwite baadaye, peke yake, au umjulishe mwalimu wa ushauri nasaha.

Kwa mazoezi, nimekuwa nikiwapa watahiniwa swali hili, nao hulijibu vyema zaidi wakiruhusiwa kulifanyia kazi wawiliwawili kwanza: "Nyumba ya Mtemi Nasaba Bora inaonekana tofauti kutoka kwenye zizi na kutoka sebuleni. Thibitisha. (alama 20)." Wengi huanza na sebuleni. Warudishe zizini.