Je, Wajua? Kifo Chako Kimeshapigiwa Hesabu

Je, wajua kwamba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo haijahesabu watu wake tangu 1984? Sensa ya mwisho ni hiyo ya enzi za Mobutu. Sasa keti mbele ya wakala wa bima ya maisha mjini Lubumbashi, umwambie una miaka 38, fundi wa kuchomelea vyuma. Kampuni yake lazima ikadirie: katika watu elfu wa umri wako, wangapi watakufa kabla mwaka haujaisha? Pasipo takwimu za nyumbani, jedwali la vifo huazimwa kwa wengine, na mwenye kuazima hujiwekea akiba ya tahadhari. Akiba hiyo waitoa wewe mfukoni.

Jedwali maarufu la mwanzo lilichapishwa 1693 na Edmond Halley, yule yule wa nyota ya mkia. Alitumia daftari za vizazi na vifo za mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland.

Je, wajua nani alidai kila mtu alipe kwa umri wake? James Dodson, mwalimu wa hisabati London. Chama cha bima cha Amicable kilikuwa kikitoza wote ada moja na kuwakatalia waliopita miaka 45. Naye alikuwa ameshapita. Akakaa chini akapiga hesabu ya chama cha namna nyingine. Alifariki 1757, na chama hicho, Equitable, kikazaliwa 1762 bila yeye.

Umri ndio swali zito kuliko yote katika fomu. Benjamin Gompertz alionyesha 1825 kwamba hatari ya kufa kwa mtu mzima hupanda kwa mwendo wa kuzidishana. Katika jamii nyingi hujirudia maradufu kila baada ya miaka minane hivi. Miaka minane! Ndiyo hiyo ambayo baadhi ya wacheza mpira hujipunguzia bila haya. Na nani atawabishia? Sheria ya Congo inataka mtoto atangazwe kwenye ofisi ya serikali ndani ya siku 90. Zikipita, cheti hupatikana kwa hukumu ya mahakama. Uchunguzi wa kaya wa 2017–2018 ulikuta watoto wanne tu kati ya kumi wa chini ya miaka mitano wameandikishwa. Basi kabla ya kupima damu, kampuni ya bima inapima karatasi.

Je, wajua kwamba kwa karibu nusu karne bima yote nchini ilikuwa mkononi mwa SONAS, kampuni ya serikali iliyoundwa 1966? Sheria ya Machi 2015 ndiyo iliyovunja ukiritimba huo, na leseni za makampuni binafsi zikaanza kutolewa 2019 na ARCA, mamlaka inayosimamia bima. Wengi hudhani Congo imo katika CIMA, umoja wa bima wa nchi zinazotumia faranga ya CFA. Haimo.

Baada ya umri, fomu huuliza juu ya mwili. Kipimo cha uzito kwa kimo kilibuniwa na Mbelgiji, Adolphe Quetelet, katika miaka ya 1830. Hakuwa daktari, alikuwa mtazama nyota na mtakwimu, akitafuta mtu wa wastani yukoje. Kupima presha nako kuliingia mapema katika bima: Northwestern Mutual ya Milwaukee ilianza kuwapima waombaji 1907, wakati madaktari wengi hawajakizoea chombo chenyewe.

Kisha kazi. Mchimbaji wa chini ya ardhi hulipa zaidi ya karani, na vumbi la mawe linajua sababu. Lakini Katanga, eneo la migodi lenye Lubumbashi, ina jambo lake. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walichapisha vipimo vya mkojo: waliokaa chini ya kilomita tatu kutoka migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi kuliko waliokaa mbali, hata wasiofanya kazi humo. Fomu huuliza unafanya kazi gani. Mimi ningeongeza swali moja: dirisha lako linatazama bomba gani la moshi?

Je, wajua kosa la AS? Mwenye damu ya AS amebeba jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu. Si mgonjwa kama mwenye SS, aliyeirithi kwa wazazi wote wawili. Katika miaka ya 1970 baadhi ya makampuni ya Marekani yaliwatoza watu weusi wenye AS ada ya juu, kana kwamba ni wagonjwa. Kwa Congo, ambako takriban mtu mmoja kati ya wanne au watano ni AS, kosa hilo lingegusa kila ukoo.

Ukikatiwa bima ya kikundi na mwajiri wako, mara nyingi huulizwi hata kama unakohoa: hatari inasambazwa kwa wote.

Na je, wajua gharama ya kuficha? Katika sheria za bima zenye asili ya Kifaransa, kudanganya makusudi hubatilisha mkataba. Kusahau bila nia mbaya ni jambo jingine: malipo hupunguzwa kwa uwiano. Ulilipa dola 60 kwa mwaka, na ukweli ungekutoza 80? Familia iliyotazamia dola 10,000 itapewa 7,500. Ugonjwa ambao hukuujua siku ya kutia sahihi hauhesabiwi uongo. Ndiyo maana inafaa kubaki na nakala ya fomu uliyoijaza, pamoja na tarehe ya kila cheti cha daktari.