Leo hatumwagi zege: kazi ya mhandisi anayesimamia ujenzi

Anayetoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere kwenda katikati ya Dar es Salaam huvuka makutano ya TAZARA kwa daraja la juu lililofunguliwa Septemba 2018. Daraja hilo halikupewa jina la rais wala la mwasisi wa taifa. Linaitwa Mfugale, kwa heshima ya Mhandisi Patrick Mfugale, ambaye wakati huo alikuwa Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Barabara (TANROADS) na ambaye alifariki dunia mwaka 2021. Ni nadra katika nchi yetu jina la mhandisi kuwekwa juu ya kitu ambacho maelfu wanakipita kila siku. Nadra zaidi ni kwamba aliyeheshimiwa alikuwa mtu wa kusimamia, yaani mtu wa kuhakikisha kilichochorwa kinajengwa kama kilivyochorwa, kwa fedha zilizopo na kwa muda uliokubaliwa.

Muulize mwanafunzi wa kidato cha sita anayesoma PCM mhandisi wa ujenzi hufanya nini. Atakwambia anachora, anapiga mahesabu ya nguzo na mihimili. Usimamizi wa ujenzi anakutana nao akifika chuoni, na wakati mwingine anausikia ukitajwa kwa dharau, kana kwamba ni kimbilio la walioshindwa mahesabu. Napingana kabisa na dhana hiyo. Nchi inayojenga reli, mabwawa, madaraja na maghorofa kwa wakati mmoja, kama yetu, inawahitaji wasimamizi wazuri kuliko ilivyowahi kuwahitaji, na gharama ya kuwakosa tumeshailipa kwa uhai wa watu.

Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Aprili 2016 wenzetu wa Nairobi walipoteza ndugu zao walioangukiwa na jengo la makazi katika mtaa wa Huruma. Novemba 16, 2024, Jumamosi asubuhi, jengo la biashara lilianguka Kariakoo na watu zaidi ya 25 wakapoteza maisha. Kila janga lina chanzo chake, na kukichunguza ni kazi ya vyombo husika. Lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi saiti anajua kwamba jengo haliharibiki siku linapoanguka. Huharibika siku ghorofa linapoongezwa bila mahesabu kurudiwa. Huharibika siku nondo ya milimita 16 inapobadilishwa kwa ya 12 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, au siku fomu inapobomolewa mapema kwa kuwa mbao zinahitajika kwingine. Katika kila siku ya namna hiyo huwa kuna mtu ambaye wajibu wake ni kusema hapana. Mtu huyo ndiye ninayemzungumzia.

Ili kuielewa kazi yake, tuitazame siku ya kumwaga slabu. Chukua ghorofa moja lenye mita 20 kwa 20, unene wa sentimita 15. Hizo ni mita za ujazo 60. Gari la zege likibeba mita 6, ni safari 10. Saruji ikishakutana na maji haimsubiri mtu: baada ya saa chache huanza kushika, na zege jipya likimwagwa juu ya lililokwisha kushika, panabaki mshono dhaifu unaopitisha maji na usioaminika kwa kubeba mzigo. Kwa hiyo magari lazima yafuatane, tuseme kila nusu saa, kupitia barabara ambazo foleni yake kila mkazi wa Dar es Salaam anaijua. Ndiyo maana si ajabu kukuta slabu ya katikati ya jiji inamwagwa usiku wa manane.

Lakini usiku huo ni matunda tu. Kazi yenyewe imefanyika wiki mbili zilizotangulia. Fomu imefungwa na kukaguliwa, mirunda imesimama juu ya kitu kigumu na si juu ya udongo uliolowa. Nondo zimepangwa kwa nafasi zilizoandikwa kwenye michoro, na chini yake vimewekwa vile vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, ili chuma kisiguse mbao na baadaye kikaliwa na kutu. Fundi umeme amelaza mabomba yake na fundi maji ameacha matundu yake, maana asipofanya hivyo, baada ya zege kukauka atalazimika kutindua. Mhandisi mshauri ameona na ametia sahihi. Kusema kwa mdomo kwamba ameona hakutoshi. Pampu ya akiba ipo. Vaibreta zipo zaidi ya moja, kwa kuwa moja huharibika saa nane usiku. Taa zipo, jenereta lina mafuta, turubai za kuzuia mvua zimekunjwa kando, na mama lishe ameambiwa mapema kwamba leo watu 40 watakula usiku.

Gari la kwanza linaingia. Fundi wa maabara anajaza zege kwenye koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, kwa matabaka matatu, kila tabaka akilishindilia mara 25. Ananyanyua koni na kupima zege limeshuka kiasi gani. Anajaza pia maboksi ya milimita 150 kila upande. Vipande vitakavyotoka humo vitavunjwa kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28 ili nguvu ya zege ijulikane. Kisha linakuja gari lililokaa foleni muda mrefu. Zege lake limeanza kuwa gumu, na dereva anajua dawa ya haraka: kuongeza maji. Likiongezwa maji litateremka vizuri, mafundi watafurahi, na nguvu yake itakuwa imepotea bila mtu yeyote kuiona ikipotea. Hapo injinia mwenye umri wa miaka 27 anasimama mbele ya foromani aliye sawa na baba yake, mbele ya mafundi waliokwishavaa buti, huku simu ya mteja ikiita, na anasema gari hili lirudi. Hakuna somo la chuoni linalomwandaa mtu vya kutosha kwa dakika hiyo. Ndiyo kazi yenyewe.

Msingi wa taaluma hii ni kujua nini kitangulie nini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu nchini Marekani, wakiwemo Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley, walibuni njia ya kuchora kazi zote za mradi kama mtandao na kuutafuta ndani yake mnyororo mmoja mrefu kuliko yote. Kazi iliyo kwenye mnyororo huo ikichelewa siku moja, mradi mzima unachelewa siku moja. Iliyo nje yake inaweza kuchelewa kidogo bila madhara. Leo hesabu hiyo hufanywa na programu kama Primavera au Microsoft Project, lakini programu haijui kwamba masika yanaanza Machi wala kwamba mzigo umekwama bandarini. Msimamizi ndiye anayejua.

Mfano mkubwa tunao nyumbani. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina ukuta wenye kimo cha mita 131 na mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mkataba na kampuni za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, ulisainiwa Desemba 2018. Huwezi kujenga ukuta katikati ya mto unaotiririka, hivyo kwanza ilibidi kuchimba handaki kwenye mwamba, mto uhamishiwe humo, ndipo sehemu ya kujengea ukuta ikauke na msingi uchimbwe. Ukuta ukishapanda, handaki lazima lizibwe kwa milango mikubwa ya chuma ili maji yaanze kujaa, na kuliziba kunapaswa kwenda na majira, mvua zikiwa zinakuja. Ujazaji ulitarajiwa kuanza Novemba 2021. Haukuanza. Miongoni mwa sababu zilizotajwa hadharani ilikuwa kuchelewa kwa mtambo wa kunyanyua na kushusha milango hiyo. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ujazaji Desemba 22, 2022, mwaka mmoja na zaidi baadaye. Umeme wa mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi mwanzoni mwa 2024 na mitambo yote ikakamilika 2025.

Sisemi kwamba mtambo huo wa milango peke yake ulibeba ucheleweshaji wote. Mradi wa ukubwa huo una sababu nyingi. Nasema kwamba kifaa kimoja, kidogo ukikilinganisha na mamilioni ya tani za zege na mawe, kilikuwa kwenye ule mnyororo. Kukosa msimu wa mvua si kuchelewa mwezi, ni kusubiri mvua nyingine. Mhandisi wa usimamizi hulala akiwaza vitu vya aina hiyo: kipi kati ya vitu elfu tatu nilivyoagiza kikichelewa kitanisimamishia kila kitu?

Kuna upande wa kazi hii ambao vijana hawaupendi, nao ni karatasi. Mikataba mingi mikubwa hapa kwetu hufuata vitabu vya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri lililoanzishwa 1913. Katika toleo la 1999 la mkataba wa ujenzi, mkandarasi anayedai muda au fedha za nyongeza anapaswa kutoa taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, juu ya tukio. Siku ya 29 haki imepotea, hata kama mafuriko yaliibeba mitambo mbele ya macho ya kila mtu. Hivyo daftari la saiti huandikwa kila jioni: mvua ilinyesha saa ngapi na kwa milimita ngapi, mafundi walikuwa wangapi, eskaveta gani ililala kwa kukosa spea, michoro ipi ilifika na kwa tarehe ipi. Mkandarasi hulipwa kwa hati za malipo, kwa kawaida kila mwezi, na sehemu ya fedha huzuiliwa mpaka kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe. Hati ikikaa mezani kwa mtu, mishahara ya saiti inachelewa, na mafundi wazuri wanahama. Nimeona makandarasi wazawa wenye mafundi hodari wakididimia kwa sababu tu hakuna aliyekuwa akiandika.

Halafu kuna watu. Katika miradi yetu mikubwa, Mturuki, Mchina, Mmisri na Mtanzania hukutana asubuhi moja, na mara nyingi Kiswahili cha saiti ndicho kinachowaunganisha, kuanzia foromani hadi saidia fundi. Huyo saidia fundi, anayepandisha ndoo za zege kwa ngazi ya mirunda, ndiye mwenye hatari kubwa na malipo madogo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamlinda, lakini sheria haifungi mkanda kiunoni mwa mtu. Msimamizi anayekubali watu wafanye kazi ghorofa la sita bila ukingo wa kuwazuia wasianguke, eti kwa sababu jukwaa bora litachelewesha kazi siku mbili, hastahili kuitwa mhandisi hata kama mradi wake umemalizika mapema.

Njia ya kuingia ni ndefu, na ni vema iwe hivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha uhandisi 1973. Leo uhandisi ujenzi unasomwa pia Chuo Kikuu Ardhi, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na kwingineko, na Ardhi inafundisha pia ukadiriaji majenzi, taaluma pacha ya hii. Kenya, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kinatoa shahada ya usimamizi wa ujenzi yenyewe. Aliyeanzia VETA au stashahada asikate tamaa: fundi sanifu aliyekaa saiti miaka mitano kisha akasoma shahada huwa msimamizi ambaye mafundi hawamdanganyi. Baada ya shahada, mhitimu husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) na kufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu, wengi wao kupitia mpango wa mafunzo wa miaka mitatu ujulikanao kama SEAP, ulioanza 2003, kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Serikali ya Norway iliwahi kufadhili wahandisi wanawake katika mpango huo, na matunda yake yanaonekana: katika saiti ambako zamani mwanamke alionekana kwenye ofisi ya mhasibu pekee, leo injinia wa zamu ni dada mwenye kofia nyeupe.

Ombi langu ni kwa kampuni za ujenzi. Kila mwaka, wakati wa likizo ndefu ya vyuo, mnapokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na wengi wao wanarudi chuoni wakiwa wamejifunza kupiga fotokopi. Mpeni kila mmoja ghorofa moja. Aandike ratiba yake ya wiki mbili, ahesabu nondo zake, apige simu kiwandani kuulizia magari, na ratiba ikivunjika siku ya tatu aeleze mbele ya foromani kwa nini imevunjika. Nanyi wanafunzi, slabu ikipangwa kumwagwa usiku, msikubali kuambiwa kazi yenu huisha saa kumi na moja jioni.