Njia Panda Ndani ya Kompyuta

Ukipanda basi mjini Bunda kuelekea kaskazini, utafika mahali paitwapo Makutano. Hapo barabara hugawanyika. Moja yaelekea Musoma, mji ulio kando ya Ziwa Viktoria. Nyingine yaelekea Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922. Barabara kuu nayo huendelea hadi Tarime na mpaka wa Sirari.

Dereva afikapo njia panda hana budi kuchagua. Hawezi kwenda Musoma na Butiama kwa wakati mmoja. Kompyuta nayo yaweza kuwa na njia panda. Katika somo hili tutajifunza njia panda hiyo ni nini, na jinsi inavyotayarishwa.

Mfumo wa uendeshaji

Kompyuta ina kibodi ya kuandikia, kioo cha kutazamia, kumbukumbu ya kufanyia kazi, na diski ya kuhifadhia. Vifaa hivi havijui la kufanya mpaka viongozwe na programu. Programu kubwa inayosimamia vifaa vyote, pamoja na programu nyingine, huitwa mfumo wa uendeshaji.

Mifumo ya uendeshaji iko ya namna nyingi. Windows ni ya kampuni ya Microsoft ya Marekani, nayo ilianza kuuzwa mwaka 1985. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Finland. Linux hupatikana bila malipo, na kila mtu anaruhusiwa kuichunguza na kuibadili.

Kwa nini tuweke mifumo miwili?

Tuseme shule yako ina kompyuta moja ya zamani yenye Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo huo kwa kawaida. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Je, tuitupe kompyuta hiyo? La! Twaweza kuweka Linux katika diski ile ile. Walimu wataendelea kufungua kazi zao za zamani kwa Windows, bila kuiunganisha na intaneti. Wanafunzi watajifunza kwa Linux. Kompyuta ni moja, mifumo ni miwili.

Kompyuta huwakaje?

Tazama mambo yanayotokea ubonyezapo kitufe cha kuwashia:

1. Programu ndogo iliyohifadhiwa katika kibao kikuu cha kompyuta huanza kazi. Hukagua kumbukumbu, kibodi na diski.
2. Kisha huitafuta programu ya kuanzishia iliyomo katika diski. Programu moja ya namna hiyo huitwa GRUB.
3. GRUB huandika majina ya mifumo katika kioo. Orodha hiyo huitwa menyu ya kuwashia. Hii ndiyo njia panda yetu.
4. Wewe huchagua jina kwa vitufe vya mishale, halafu hubonyeza kitufe cha Enter.
5. Mfumo uliouchagua huchukuliwa kutoka katika diski na kuwekwa katika kumbukumbu. Ule mwingine hubaki umelala katika diski.

Na usipochagua? Fikiri juu ya abiria aliyesinzia ndani ya basi. Kondakta akiuliza washukao Makutano, naye asijibu, basi litampeleka kule linakokwenda kila siku. GRUB nayo hungoja kwa sekunde chache. Muda ukiisha, hufungua mfumo uliowekwa kuwa wa kawaida.

Jinsi ya kutayarisha menyu

Kazi hii hufanywa na mtu mzima aliyejifunza. Lakini yakupasa kuujua utaratibu wake.

Kwanza, kazi zote zilizomo katika kompyuta hunakiliwa katika diski nyingine. Alama za mitihani, barua na picha zikifutika, hazirudi.

Pili, umeme huhakikishwa. Umeme ukikatika wakati diski inagawanywa, kazi zilizomo zaweza kuharibika. Kwa hiyo hutumika kompyuta yenye betri iliyojaa, au kifaa cha akiba ya umeme.

Tatu, diski hugawanywa katika sehemu, kama shamba linavyogawanywa kwa mpaka. Upande mmoja huwa wa Windows, upande wa pili wa Linux.

Nne, Windows huwekwa kwanza, kisha Linux. Kuna sababu. Windows ikiwekwa mwisho huitanguliza programu yake ya kuanzishia, na menyu ya GRUB haionekani. Linux ikiwekwa mwisho, GRUB kwa kawaida huitafuta Windows na kuiandika katika menyu.

Tano, mtayarishaji huchagua mfumo wa kawaida na idadi ya sekunde za kungoja. Sekunde 10 zatosha mtu kusoma na kuchagua. Hapa pana jambo la ajabu: GRUB huanza kuhesabu kwa 0. Namba 0 ni jina la kwanza katika orodha, namba 1 ni la pili, na namba 2 ni la tatu. Mtu akisahau jambo hili, kompyuta itafungua mfumo asioutaka.

Bango likianguka

Huenda siku moja ukawasha kompyuta, na menyu isionekane. Windows inafunguka peke yake, na Linux haipo katika kioo. Watu wengi hapo huingiwa na hofu. Wengine huamua kuifuta diski nzima na kuanza upya, na hivyo hupoteza kazi ambazo zilikuwa salama.

Fikiri kwanza. Bango la njia panda ya Makutano likiangushwa na upepo, je, Butiama imehama? Haikuhama. Mji uko pale pale, ila mgeni hajui njia ya kuufikia. Menyu ya kuwashia nayo ni bango tu. Ikipotea, mara nyingi mfumo na kazi zako zingali katika sehemu yake ya diski. Fundi atairudisha GRUB, na njia itaonekana tena. Kwa hiyo usikubali diski ifutwe kabla haijachunguzwa.

Mchezo wa kufanya darasani

Mwanafunzi mmoja awe GRUB. Wawili wawe mifumo, nao wakae wakiwa wamefumba macho. Mwingine awe mtumiaji. GRUB asome majina ya mifumo, kisha ahesabu polepole hadi 10. Mtumiaji akitaja jina, mfumo huo usimame. Asipotaja, asimame ule wa kawaida. Rudieni mchezo GRUB akiwa ametoka nje ya darasa. Je, mifumo miwili imetoweka?

Maswali

1. Mfumo wa uendeshaji una kazi gani?
2. Kwa nini Windows huwekwa kabla ya Linux?
3. Menyu ina majina manne. Ukitaka jina la nne liwe la kawaida, utaandika namba gani?
4. Rafiki yako asema, "Menyu imepotea, tufute diski." Utamjibu nini? Toa sababu.